Mtamba Aliyezaliwa Pacha na Dume

Katika shule ya upili niliyofundisha baiolojia, upande wa Migori, maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu na hadubini iliyovunjika kioo. Somo la urithi lilifundishwa kwa mchoro wa njegere ubaoni. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona njegere ikichanua, walinitazama kwa ile heshima ya watu wanaosikiliza hotuba ya chifu juani. Siku moja nilichoka. Nikawaambia walete wanyama wa kwao.

"Si ng'ombe," niliongeza haraka, maana niliwajua. "Mnyama unayeweza kumbeba."

Wiki iliyofuata darasa lilinuka kama banda. Kuku wa shingo tupu alikuja ndani ya mfuko wa sukari. Msichana aliyemleta aliona aibu, akasema labda kuku huyo aliugua utotoni. Nikamwambia hapana, hajaugua hata siku moja; alirithi shingo hiyo, na inatosha mzazi mmoja tu awe nayo ili vifaranga kadhaa waipate. Tena katika joto la kwetu shingo ile ni faida, kwa kuwa inampoza. Msichana alimshika kuku wake vizuri zaidi baada ya hapo.

Mvulana mmoja alileta paka ndani ya boksi lililofungwa. Nilichungulia tundu, nikaona manyoya meusi, ya manjano na meupe. "Huyo ni jike," nikasema kabla boksi halijafunguliwa. Walifungua, wakahakikisha, wakapiga kelele kwamba mwalimu ni mchawi. Ndipo nikawaeleza polepole. Maagizo ya rangi nyeusi na ya manjano hukaa kwenye kromosomu ya X. Jike anazo mbili, kwa hiyo anaweza kubeba nyeusi kwenye moja na manjano kwenye nyingine. Dume ana moja tu, inabidi achague. Dume wa rangi tatu hupatikana kwa nadra sana, na akipatikana huwa na kasoro katika hesabu ya kromosomu zake, naye kwa kawaida hazai.

Alikuwepo pia paka mweupe wa macho ya bluu ambaye mwanafunzi aliyemleta alilalamika kuwa ni mkaidi, haji akiitwa. Nilichukua kifuniko cha sufuria nikakigonga nyuma ya paka yule kwa nguvu. Darasa zima liliruka. Paka aliendelea kujilamba. "Si mkaidi," nikasema. "Hasikii. Paka weupe wa macho kama haya wengi wao ni viziwi."

Naeleza hayo ili uelewe nilivyokuwa. Nilipenda kueleza mambo kupita kiasi. Nikiona mtu hajui kitu ninachokijua, siwezi kukaa. Mikono yenyewe huanza kutafuta chaki.

Kwetu ni karibu na Kosele, upande wa Homa Bay. Mimi ni pacha. Kaka yangu alitangulia kutoka, mimi nikafuata, na tangu siku hiyo mama yetu hakuitwa kwa jina lingine ila mama mapacha. Cheo hicho alikivaa kama kofia ya Jumapili. Kwa hiyo likizo ya Aprili ya mwaka ninaousimulia, ng'ombe wake mwekundu alipozaa ndama wawili, dume na mtamba, nilimkuta mama akiwa amekusanya wanawake wa jirani, wanaimba zile nyimbo zetu Wajaluo za mapacha, zenye matusi ambazo siku nyingine zingewapeleka kuungama.

"Hata ng'ombe wangu wananifuata!" alisema mama. Akamshika dume masikio. "Huyu ni kaka yako." Akamshika mtamba. "Na huyu ni wewe. Mtazame alivyo na macho ya kuuliza maswali."

Akampa mtamba yule jina langu la utotoni, mbele ya watu wote. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na furaha zangu pia. Mwalimu wa hisabati wa shule yetu, Mkuria, ambaye kwao ni watu wa ng'ombe si mbali na soko la Ogwedhi, alikuwa ameniambia anataka kunioa. Mshenga wetu alikuwa jirani wa mama, mwanamke aliyekuwa akichukua omena, wale dagaa wa ziwani, kwetu na kwenda kuiuza Ogwedhi siku za soko. Alifahamiana na shangazi wa huyo mwalimu, na ndiye aliyebeba salamu huku na huku.

Niliporudi likizo ya Agosti ndama walikuwa wamenawiri. Mtamba hasa alikuwa mnene, mabega mapana, anapita kaka yake. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba tukipukuchua mahindi, mimi, mama na mshenga. Kaka yangu alikuwa hatua chache kutoka kwetu, amepindua baiskeli yake, anaziba pancha.

"Wiki ijayo yule dume anakwenda sokoni," mama alisema. "Mtamba atabaki. Huyo ndiye atakayenijazia zizi."

Mikono yangu ikasimama.

"Mama, usiuze dume. Ukitaka kuuza, uza mtamba."

Alicheka mpaka akaacha gunzi likaanguka. "Umesoma mpaka ukapotea. Nani anauza mtamba akabaki na dume?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumngoja jioni tukiwa wawili. Badala yake nilichukua mahindi mawili, nikayalaza ndani ya ganda moja, nikaanza somo.

"Tazameni. Ng'ombe akibeba mapacha, makondo yao ya nyuma mara nyingi huungana tumboni, mishipa ya huyu inaingia kwa yule. Damu inapita kutoka kwa dume kwenda kwa mtamba na kurudi. Sasa dume huanza kutengeneza vitu vyake vya kiume mapema sana, kabla mtamba hajatengeneza vyake vya kike. Vitu hivyo vikimfikia mtamba kupitia damu, vinazuia mji wake wa mimba usikue. Anazaliwa ukimtazama ni mtamba, ila ndani hana kinachoweza kubeba ndama. Hata ukimpima damu akiwa mkubwa, utakuta imechanganyika na chembe za kaka yake. Mnyama mmoja, damu ya wawili!"

Nilisema sentensi ile ya mwisho kwa sauti ya darasani. Bado naipenda. Ni jambo la ajabu kweli.

Mshenga alikuwa ameacha kupukuchua. "Kwa hiyo mtamba aliyezaliwa pamoja na dume ni tasa."

"Karibu kila mara."

"Kwa sababu ya kaka yake."

"Kwa sababu ya damu ya kaka yake."

Aligeuza macho akamtazama kaka yangu pale kwenye baiskeli. Kisha akanitazama mimi, kuanzia kichwani, akishuka taratibu mpaka kwenye mapaja yaliyojaa mahindi. "Yawa, jamani," akasema kwa sauti ndogo, akarudia kupukuchua.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Aliyeelewa kwanza ni kaka yangu. Aliweka chini kipande cha msasa, akaangua kicheko.

"Mwalimu! Umejifunga bao!"

"Bao gani?"

"Si mama alisema huyo mtamba ni wewe?"

Damu ilinipanda usoni. Nikaanza kueleza mbio mbio kwamba binadamu si ng'ombe, kwamba mapacha wa kike na wa kiume hutokana na mayai mawili, kwamba kila mmoja huwa na kondo lake, na hata yakisogeleana mishipa haiungani. Yote yalikuwa kweli. Lakini yalikuja yamechelewa na yakitweta, na maelezo yanayokuja yakikimbia hufanana sana na visingizio. Mshenga aliitikia "ndiyo, ndiyo, mwanangu" kwa upole uliozidi. Kesho yake ilikuwa siku yake ya kwenda Ogwedhi.

Mama hakunigombeza. Alikusanya punje zake kwenye ungo, akasimama. "Mimi nilimpa yule ndama jina lako mbele ya watu," alisema, na kuingia ndani.

Muhula wa tatu ulipoanza, mwalimu wa hisabati alinisalimia vizuri kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akakaa akikunjakunja kipande cha karatasi. Siku ya pili alisema.

"Shangazi anauliza kama ni kweli ulizaliwa pacha na kaka."

"Unajua nina pacha. Nilikuambia."

"Mimi najua. Wao hawakujua." Akaendelea kukunja. "Kwetu jambo hilo la mtamba halihitaji kitabu. Mtamba aliyezaliwa pamoja na dume hatumpeleki hata kwa fahali. Anachinjwa mapema, au anauzwa kwa mtu wa mbali. Mzee yeyote zizini anajua."

Hilo lilinigusa vibaya kuliko yote. Nilidhani nimewaletea watu jambo jipya kutoka vitabuni, kumbe wachungaji walikuwa nalo miaka yote. Na kwa kuwa walilijua kwa macho yao, walikuwa na uhakika nalo kuliko mimi. Walichokosa ni kipande kidogo tu: kwa nini linatokea. Bila kipande hicho, hakuna kinachomtenga ng'ombe na mimi.

"Na wewe unaamini nini?" nilimuuliza.

"Mimi nakuamini wewe. Ila Desemba si mimi nitakayekwenda kwenu kuposa. Ni shangazi zangu. Wakiridhika, watakula. Wasiporidhika hawatanawa mikono, wataaga. Shangazi mkubwa akishaaga, baba hamgeuzi."

Basi muhula ule wote sikuweza kukaa. Nilifundisha nikitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, mpaka mwanafunzi mmoja akaniomba nisimame kidogo aweze kunakili. Nilisahihisha madaftari ya kidato cha pili, siku iliyofuata nikayasahihisha tena, sikujua nimeshayapitia mpaka nilipoziona alama zangu mwenyewe. Wakati wa chai nilibeba kikombe nikizunguka uwanja. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nina mafua.

Nilijua ukweli. Nilikuwa nikienda mwezini tangu kidato cha kwanza, kwa utaratibu wa saa, na hilo peke yake lingemtosha mtu wa baiolojia: mwili uliozuiwa kama wa yule mtamba haufanyi hivyo. Lakini jambo hilo huwezi kulitangaza mbele ya wageni wa posa. Na wapo wanawake wanaokwenda mwezini na hawazai, kila mtu anawajua. Zaidi ya hayo, wazo likishaingia haliondoki kwa sababu umelishinda kwa hoja. Nilijikuta nikijitazama mabega kwenye kioo. Nilikuwa na mabega mapana tangu utotoni. Nilikuwa mrefu kuliko wasichana wenzangu. Niliogelea vizuri kuliko kaka yangu. Kila kitu nilichokuwa nikijivunia sasa nilikitilia shaka.

Mapumziko ya katikati ya muhula nilikwenda nyumbani nikaenda moja kwa moja kumwomba afisa wa mifugo aje ampime mtamba. Nilimwambia mama ni kwa ajili ya kumaliza ubishi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekumbuka lile neno "karibu". Karibu kila mara. Wapo mitamba wachache ambao makondo yao hayakuungana, wakawa salama, wakazaa kama wengine. Nilitaka huyu awe mmojawapo. Akiwa mzima, niliwaza, shangazi wataona hata hoja yao imevunjika, nami nitakuwa mzima. Nilikuwa natumia hoja yao ileile ya kijinga, ila nimeigeuza upande. Nililijua hilo njia nzima nikitembea, na sikupunguza mwendo.

Afisa alikuja na pikipiki, na begi lake la ngozi. Kaka yangu alimshika mtamba pembeni mwa zizi. Kipimo chenyewe ni rahisi, naye alikuwa mtu mzuri wa kueleza, akanionyesha kila hatua kama mwenzake. Alikuwa na kijiti laini cha plastiki, kimeviringwa ncha, kimepakwa mafuta.

"Kwa mtamba wa kawaida wa umri huu," alisema, "kinaingia taratibu kiasi cha kiganja na zaidi. Kikikwama mapema, njia ya uzazi imefungwa. Shika mkia, mwalimu. Mbona unauvuta hivyo? Ni ng'ombe tu."

"Siuvuti."

"Mkia umenyooka kama kamba, na si yeye aliyeunyoosha."

Kijiti kiliingia urefu wa kidole kimoja, kikasimama. Alijaribu tena kwa upole, kikasimama palepale. Akakitoa, akakifuta kwa pamba.

"Hakuna wanaozaa?" nilimuuliza.

"Wapo. Wachache. Huyu si mmoja wao."

Nilihisi kama amenisomea hukumu. Nikageuka nikatazama migomba. Nyuma yangu nilimsikia afisa akimuuliza mama kama aliona kondo la nyuma siku ya kuzaa.

"Niliona. Lilikuwa moja, kubwa, limeshikana. Mbwa walilikokota mpaka kule kwenye katani."

"Ndiyo hapo basi, mama. Limeshikana, damu ikachanganyika."

"Na kama yangekuwa mawili? Kila moja peke yake?"

"Yakiwa yametengana kabisa, damu ingepitia wapi? Mtamba angezaa."

Mimi sikulitilia maanani swali la mama, nilikuwa na yangu. Nilimsikia tu baadaye kaka yangu akishauri kwamba mtamba apelekwe kwa bucha kabla ya Krismasi, na mama akimjibu, "Huyo ana jina la mtoto wangu. Haendi kwa bucha. Mfundishe kulima." Kaka yangu akatafuta nira ndogo, akaanza kuwafundisha wote wawili, dume, ambaye mama hakumuuza tena, na dada yake, na kusema kweli dada alikuwa mwepesi kuelewa.

Desemba shangazi walikuja watatu, pamoja na mshenga. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, wa miaka kama sitini, aliyejulikana Ogwedhi kwa kununua ng'ombe kwa macho tu, bila kumgusa. Alipita getini, hakutazama nyumba. Alitazama zizi. Mtamba alikuwa amefungwa pale nje, anatafuna.

"Ni huyu?" alimuuliza mshenga.

"Ni huyu."

Alimzunguka mara moja. "Mabega ya dume," akasema, akaingia ndani.

Nilikuwa nimeamka nikiwa na kazi ya watu watano, na bado haikunitosha. Nilipika, nikapanga, nikapangua. Samaki walikuwa tayari, kuku tayari, ugali umefunikwa. Dada wa mama alileta birika na beseni la kunawia, akapiga goti mbele ya shangazi mkubwa. Shangazi aliweka mikono mapajani.

"Ngoja kwanza," alisema kwa Kiswahili, maana ndicho tulichokuwa nacho pamoja. "Sisi hatuna ubaya na hii nyumba. Tumepokelewa vizuri. Lakini kuna kitu tumesikia, na mshenga anasema ni msichana mwenyewe alisema."

Hapo nilikuwa mlangoni. Sikupaswa kuingia kabla ya kuitwa. Niliingia. Mkononi nilikuwa na karatasi ya manila niliyoichora kwa siku tatu kwa kalamu za rangi: upande wa juu tumbo la ng'ombe na kondo moja lililoungana, upande wa chini tumbo la mwanamke na makondo mawili, kila moja na mtoto wake. Nilieleza vizuri. Sidhani nimewahi kueleza vizuri hivyo kabla au baada. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, bila dharau, kichwa ameinamisha kidogo.

"Asante, mwalimu," akasema. "Lakini karatasi ni yako, na kalamu ni yako. Mtu akija kuniuzia ng'ombe amemchora, nitamlipa pesa za kuchora?"

Wale shangazi wengine walicheka. Mshenga alitazama sakafu. Alikuwa amesema kweli. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu: mchoro si ushahidi. Nilisimama na manila yangu, nikisikia birika likiwekwa chini.

Mama aliinuka.

"Wageni wangu, njooni nje kidogo."

"Chakula kitapoa," mshenga alisema.

"Kipoe."

Aliwapeleka nyuma ya nyumba, mahali ambapo nyumba yake ya kwanza ilisimama kabla hajajenga hii ya mabati. Hapakuwa na kitu ila nyasi fupi na mstari wa mawe ya msingi. Alisimama katikati ya mstari ule, mgongo ameuelekeza mahali chumba kilipokuwa.

"Hapa ilikuwa mlango. Mimi nilizaa hapa ndani, si hospitali. Mama ya bwana yangu ndiye alinizalisha. Sisi Wajaluo hatutupi kondo, tunazika. Ya kijana inazikwa mkono wa kulia ya mlango, ukiwa unatazama nje. Ya msichana inazikwa mkono wa kushoto." Akanyoosha mkono wa kulia. "Ya kaka yake iko pale." Akanyoosha wa kushoto. "Yake iko hapa."

Shangazi mkubwa alitazama upande mmoja, kisha mwingine. "Nani aliona?"

"Mimi sikuona. Nilikuwa nimelala ndani, sina nguvu. Lakini nilisikia jembe. Ilichimba upande hii, ikanyamaza. Halafu nikasikia mama mkwe anatembea, anapita mlangoni. Halafu jembe ikachimba upande ile." Mama alishusha mikono. "Mara mbili. Sasa niambie wewe, mama. Kama ingekuwa moja, imeshikana kama ya ng'ombe, yule mama mzee angeizika wapi? Hapa katikati ya mlango, tuwe tunaruka?"

Shangazi mmoja alitoa kicheko cha puani, akakizuia kwa kanga. Shangazi mkubwa hakucheka. Alitembea kutoka upande wa kulia wa mlango ule usiokuwepo mpaka upande wa kushoto, hatua fupi za mtu anayepima. Alirudi. Alinitazama mabega, nami nikamwacha atazame.

"Hatua nane," akasema. "Ng'ombe angeangusha yote pamoja."

"Aliangusha yote pamoja," mama alisema. "Hata daktari wa mifugo aliniuliza. Mbwa walikula."

"Mawili, hatua nane." Alijisemea tena, polepole, kama anayehesabu vidole. Kisha akamgeukia dada wa mama. "Leteni maji. Hao samaki wasije wakatuona watu wa ovyo."

Walinawa. Nilisikia maji yakianguka kwenye beseni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nikagundua nilikuwa nimeikunja manila mpaka ikapasuka pembeni. Walikula. Walisifu samaki, wakalalamika kuhusu chumvi, wakauliza kaka yangu anangoja nini kuoa. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nikienda jikoni na kurudi bila sababu, nikibeba sahani ambayo haikuombwa.

"Huyu mtoto hakai?" shangazi mkubwa alimuuliza mama.

"Tangu Agosti."

"Njoo hapa, mwalimu. Kaa. Leta hiyo karatasi yako."

Nikakaa kando yake kwenye mkeka. Niliikunjua manila, akaishika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na mafuta ya samaki. Aliiangalia sehemu ya chini kwa makini, ile ya makondo mawili, akaifuata kwa macho kutoka moja hadi lingine.

"Sasa naiona," alisema. "Hii ni ya kaka. Hii ni yako. Ni kweli, umechora vizuri. Lakini umesahau mlango."

Kaka yangu alinirushia kalamu kutoka upande wa pili. Niliidaka, nikaikandamiza karatasi juu ya goti, na katikati ya makondo mawili nikachora mlango.